Ewoi, Mgunga Upandwao na Mbuzi

Mbuzi wa Turkana na mchunga wake wameshitakiwa tangu zama za ukoloni kwamba ndio walioila nchi hata ikawa jangwa. Na shitaka hilo, ingawa limekaririwa mno hata likavaa libasi ya haki, hukanushwa na mgunga ambao wenyeji huuita ewoi, usimamao kando ya Turkwel pale Lodwar na kando ya Tarach pale Kakuma.

Ajabu yake imo katika maganda. Hudondoka yamejisokota wakati wa kiangazi, malisho yanapokuwa adimu, na mbuzi huyatafuna kwa pupa pamoja na mbegu zake, ambazo ngozi yake ni ngumu hata maji hayapenyi, na ambazo aghalabu ndani yake mna buu la mdudu lililokwisha kuanza kuzila. Nyingi husagwa zikaangamia. Lakini zisalimikazo hutoka na samadi zizini ngozi imelegea, na buu, likiwa changa, huweza kufia tumboni. Kisha wenyeji huhama, kama ilivyo ada yao, wakaliacha zizi la miiba lenye udongo uliorutubika na ushikao maji kuliko mchanga uliolizunguka. Na mvua ikijaliwa kunyesha, pale pale walipolala mbuzi huchipuka miche. Robin Reid na James Ellis, waliolichunguza jambo hili Turkana ya kusini na kulichapisha mwaka 1995, waliona miche ikishamiri katika mahame ya mazizi kuliko nje yake. Basi huyo aitwaye mharibifu ndiye mpanzi, asiyelipwa ujira wala kupewa shukrani.

Wala mti huu si mali ya kila mpita njia: kandokando ya mito, jamaa huwa na ekwar yao, yaani sehemu ya miti ambayo maganda yake ni haki yao, na mgeni hana budi kuomba idhini. Nidhamu hiyo, kwa rai yangu, ilistahili heshima zaidi kutoka kwa wale walioleta mathenge, mti wa Amerika, katika miaka ya 1980, ambao nao huenezwa na mbuzi vile vile, lakini husonga kingo za mito hata njia isipatikane.

Kivuli, ua, kuni, makaa, lishe, na maganda ambayo hata watu huyaponda wakayala: manufaa ya ewoi ndiyo hayo. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 haja ya kuni imezidi. Basi mchoma makaa na aelekeze shoka lake kwenye mathenge, na ewoi auache usimame.