Chakula Kikikwama Kooni

Mkulima akiona ng'ombe wake ameacha majani siku mbili tu, mara humwita daktari wa wanyama. Lakini chakula kikimkwama yeye mwenyewe, hunyamaza miezi mingi. Jambo hili lasikitisha, maana huenda ni dalili ya kansa ya umio, yaani ule mrija upelekao chakula tumboni. Ugonjwa huu huonekana sana katika Kenya, hasa upande wa magharibi ya Bonde la Ufa, kama vile Bomet, nao huwapata hata vijana wasiofika miaka 30.

Huanza polepole. Kwanza hukwama nyama, au tonge kubwa la ugali, na mtu hudhani amekula kwa haraka. Basi hujifunza hila: hutafuna sana, na kila tonge hulisukuma kwa maji. Baadaye huacha nyama, hula viazi vilivyopondwa, kisha uji tu, na mwishowe hata maji hayapiti. Watu wa nyumbani waangalie hapo, kwa kuwa mama apikaye ndiye anayeyaona haya kabla mgonjwa hajakubali. Dalili nyingine ni kukonda, maumivu kifuani wakati wa kumeza, kurudisha chakula, na sauti kukwaruza.

Wengine hununua dawa za vidonda vya tumbo dukani, wengine hukatwa kimeo. Kimeo hakina kosa lolote! Kukikata ni kupoteza damu na siku.

Si kila akwamwaye na chakula ana kansa. Ila hali hiyo ikipita majuma mawili, nenda hospitali. Daktari atapitisha kinywani mpira mwembamba wenye kamera, atazame ndani, na kuchukua kipande kidogo kipimwe. Ugonjwa ukishikwa mapema huweza kukatwa. Ukichelewa, madaktari huweza kutia bomba la waya ndani ya umio ili mgonjwa apate kumeza tena, kama wafanyavyo katika hospitali ya Tenwek huko Bomet. Lakini bomba haliponyi.

Tumbako na pombe huongeza hatari. Tena mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, walisema kwamba kinywaji chenye moto kupita digrii 65 huenda kikaleta kansa hii. Chai si mbaya. Iache ipoe kidogo.

Siku ya kwenda hospitali, mwambie daktari chakula kilianza kukwama mwezi gani, ni chakula gani kisichopita sasa, na mshipi wako umeukaza matundu mangapi tangu hapo.