Hesabu ya Wakili Haiishii Kwenye Bahasha

Msimu wa mavuno ukifika katika sharika za Kilutheri za Kilimanjaro na Usambara, ibada humalizikia uwanjani. Mikungu ya ndizi, madebe ya mahindi, mayai na kuku waliofungwa miguu hupigwa mnada mbele ya kanisa, na si ajabu mkungu mmoja ukanunuliwa mara tatu, maana anayeupata anaurudisha mnadani. Bibi asiye na fedha taslimu ametoa alichovuna. Kijana mwenye mshahara mjini anakigeuza kuwa fedha. Naupenda sana utaratibu huu. Haumwachi mtu nje.

Kinachonisikitisha ni jinsi mafundisho ya uwakili, yaani kutunza na kutumia vema tulivyokabidhiwa na Mungu, yalivyopungua kuzunguka mnada huo. Katika makanisa mengi, ukisikia Jumapili hii ni ya uwakili, unajua habari itakuwa fungu la kumi, ahadi ya jengo na bahasha. Ukishaidumbukiza bahasha, umemaliza.

Tusome tena Mathayo 25, mfano wa bwana aliyewakabidhi watumwa wake watatu talanta zake. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi, na katika Mathayo 20 dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku. Kwa hiyo yule mtumwa wa tatu, ambaye wahubiri humwita aliyepewa kidogo, alikabidhiwa ujira wa takriban miaka 20! Wala hakuiba. Hakucheza kamari. Aliifukia ardhini, kama watu wengi wa enzi zile walivyohifadhi mali, akairudisha kamili, na bado akahukumiwa.

Habari hii inanitisha kuliko ya mwizi yeyote, kwa kuwa inawagusa waumini waadilifu kabisa. Yupo mhasibu anayefunga hesabu za kampuni kila mwisho wa mwezi, lakini Jumapili anakaa benchi la nyuma huku mhazini wa usharika wake akihangaika na daftari lisilolingana. Yupo nesi mstaafu katika mtaa ambao wajawazito hawana wa kuwaeleza dalili za hatari mapema. Yupo mwalimu wa hisabati ambaye watoto wa jumuiya yake wanafeli somo hilo hilo analolifundisha kwingine. Hawa si wavivu. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanajua kufanya nini, kwa sababu matangazo ya kanisa huuliza wana shilingi ngapi. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anaagiza kila mtu atumie karama aliyopewa kuwahudumia wenzake, na hapo hakutaja fedha.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao husemwa kwa nadra mimbarani. Habari ya mjane aliyetoa senti mbili, katika Marko 12, huanza mstari wa 41. Katika mstari wa 40, unaoitangulia papo hapo, Yesu anawashutumu viongozi wa dini wanaowanyang'anya wajane nyumba zao huku wakisali sala ndefu. Mara nyingi tunasomewa wa 41 kuendelea. Anayemsifu mjane kwa kutoa vyote alivyo navyo na asome pia onyo alilopewa anayepokea.

Paulo alilielewa onyo hilo. Alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba Tito ataambatana na ndugu wengine wanaoaminiwa na makanisa, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kuwalaumu kuhusu fedha hizo. Mtume aliyekuwa ameanzisha makanisa kadhaa alikubali kuwa na mashahidi. Mchungaji wa leo anayekasirika akiulizwa habari za matumizi ameitoa wapi kinga ambayo Paulo hakuitaka?

Na wakati mwingine uwakili ni kukataa. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa Katoliki la Soweto jijini humo, akisema kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Kwaya ilikuwa na mahitaji na nyumba ya padri ilihitaji kujengwa. Hata hivyo agizo lilitolewa. Kwangu mimi hilo ni fundisho kubwa zaidi la uwakili kuliko harambee nyingi nilizozisikia zikitangazwa.

Ndugu msomaji, endelea kutoa zaka yako. Ila juma hili mwendee mzee wako wa kanisa au kiongozi wa jumuiya, umwambie kazi unayoiweza na saa unazoweza kuitolea. Kisha, kwa heshima zote, mwombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya waumini wote.