Kizibo au kiwambo?

Mkulima wa pareto kule Elburgon halipwi kwa uzani wa maua makavu pekee, bali pia kwa kiwango cha pirethrini, ile sumu ya wadudu iliyomo ndani yake. Kiwango hicho hupimwa maabarani kwa kromatografia: sampuli hutiwa katika kichupa, kisha sindano ya mashine hutoboa kipande cha mpira kilicho kwenye kifuniko.

Kipande hicho tukiite nani? Neno ‘kizibo’ lanitia wasiwasi. Kizibo, kama cha chupa ya asali, huchomolewa kikarudishwa. Si ajabu basi mtu akaona ni ufujaji kukitupa. Mimi napendekeza ‘kiwambo’, kutokana na kitenzi wamba, yaani kukaza ngozi juu ya ngoma. Wanabiolojia wanalo tayari katika ‘kiwamboute’. Na ngozi ya ngoma ikitoboka, huioshi, unawamba nyingine.

Kiwambo cha kichupa kwa kawaida ni silikoni yenye utando mwembamba wa Teflon upande wa ndani. Sindano ikitoka, silikoni hujifumba kiasi, Teflon haijifumbi. Ukikitumia tena, mabaki ya jana yaliyonywewa na silikoni huweza kuingia katika sampuli ya leo. Kiyeyushi nacho huvukiza kupitia tundu, na kilichobaki kinakolea. Likitokea hilo kwenye myeyusho wa kulinganishia, ambao ndio mizani yenyewe, maua yote yatakayopimwa baadaye yataonekana duni kuliko yalivyo, na mkulima atalipwa hivyo hivyo.