Je, Wajua? Chupa Mpya ya Insulini

Je, wajua kwamba tarehe 1 Oktoba 2024, nchini Kenya, bima ya afya ya NHIF iliondoka na SHA ikaingia? Mwenye mshahara sasa hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Bima ikibadilika, mgonjwa wa kisukari katika Kaunti ya Kwale huuliza kwanza: sindano yangu bado ipo?

Je, wajua kwamba swali hilo haliulizwi Kwale peke yake? Marekani, mwaka 2017, kampuni ya CVS iliiondoa insulini ya Lantus kwenye orodha yake ya dawa ikaweka Basaglar. Wagonjwa walihamishwa wala hawakuwa wameomba.

Je, wajua kwamba insulini nyingine huwa nyeupe kama maziwa na nyingine angavu kama maji? Shangazi yangu alijidunga ile nyeupe, NPH, miaka mingi, yuniti 20 asubuhi na 20 jioni. Kila mara aliibingirisha chupa viganjani, taratibu, mpaka weupe ulioshuka chini uchanganyike. Siku moja alipewa glargini, aina ya Lantus na Basaglar, kwa kuwa bima ililipia hiyo. Akabingirisha, akainua chupa dirishani, akabingirisha tena. Akanipigia simu: "Mwanangu, hii dawa mbona kama maji?" Hakuna aliyemweleza dukani, na hilo linaniuma hadi leo. Glargini ndivyo ilivyo, angavu. Ikipata ukungu ndiyo imeharibika.

Je, wajua kwamba hesabu nayo hubadilika? Anayetoka NPH mara mbili kwa siku kuingia glargini mara moja, kwa kawaida daktari humpunguzia asilimia 20 mwanzoni. Shangazi alikuwa na yuniti 40, akaanzia 32. Angeendelea na 40 zake, huenda sukari ingemshuka usiku akiwa usingizini. Glargini pia haichanganywi na insulini nyingine ndani ya bomba moja la sindano.

Ukitoa jasho jembamba, mikono ikatetemeka na moyo kwenda mbio, huenda sukari imeshuka: pima. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15.

Je, wajua kwamba herufi H ya NPH ni Hagedorn, daktari wa Denmaki? Na P ni protamini, inayoifanya dawa ifanye kazi polepole. Protamini hutoka kwenye manii ya samaki. Wavuvi wa Msambweni wakiambiwa hili hucheka kwanza, kisha huuliza samaki gani. Ni salmoni na jamaa zake. Nayo insulini ya binadamu ya siku hizi hukuzwa kwa hamira au bakteria, haitolewi kwa nguruwe, kwa hiyo anayehofia nguruwe na atulie.

Je, wajua kwamba anayejidunga insulini na anataka kufunga Ramadhani hushauriwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla? Kama chupa imebadilika mwaka huu, kipimo cha Ramadhani iliyopita hakimfai.

Je, wajua kwamba mwaka 1923 watafiti Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya insulini kwa dola moja kila mmoja?

Je, wajua kwamba mtungi wa udongo unaweza kusaidia kuhifadhi insulini pasipo friji? Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto katika nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dadaab, wakaona linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mwaka 2021 walitangaza kwamba insulini iliyowekwa katika joto hilo kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Nao mtungi hupunguza joto zaidi, kwa kuwa hupoa kwa maji yanayokauka mwilini mwake. Diani hewa ina unyevu mwingi, maji hukauka polepole, hivyo usitegemee ubaridi kama wa Kinango. Uweke kivulini, penye upepo.

Je, wajua kwamba chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, lakini glargini ikishafunguliwa ina siku 28 tu? Kwa yuniti 32 kwa siku, shangazi hutumia 896. Hubaki 104. Huandika tarehe ya kufungua kwenye kipande cha plasta na kukibandika chupani. Siku ya 28 ikifika, huishika kitambo mkononi, akiitazama ile dawa iliyobaki, kabla ya kuitupa.