White Sox, timu ya Papa Leo, yapanda kidogo kisha msimu wa aibu

Ushindi 60, vipigo 102, nafasi ya mwisho katika kundi lake: ndivyo White Sox ya Chicago, Marekani, ilivyomaliza msimu wa besiboli wa 2025. Ila mashabiki wake, akiwemo Papa Leo wa XIV, mzaliwa wa Chicago, wanajua timu hiyo ilikotoka.

Katika ligi kuu ya Marekani kila timu hucheza mechi 162. Kunako mwaka 2024, White Sox ilipoteza 121. Tangu 1900 hakuna timu iliyopoteza nyingi hivyo. Rekodi ilikuwa 120, ya New York Mets mwaka 1962.

Kati ya Julai na Agosti ilipigwa mara 21 mfululizo. Siku mbili kisha kuvunja mkosi huo, kocha Pedro Grifol alifukuzwa. Ilipofikia vipigo 120, ilirudi nyumbani na kuwafunga Angels mara tatu. Kipigo cha 121 kiliisubiri Detroit, tarehe 27 Septemba: 4-1. Usiku huo wenyeji walishangilia kufuzu kwa mchujo.

Haishuki daraja

Mpenzi wa mpira wa miguu atauliza: mbona haikushushwa? Ligi hiyo haina kushuka daraja. Kwa kawaida timu dhaifu hupata nafasi za mbele za kuchagua wachezaji vijana. White Sox haikuzipata: kanuni zinazuia timu za masoko makubwa kupewa nafasi hizo miaka miwili mfululizo. Ikachagua ya 10.

Hata hivyo, chini ya kocha mpya Will Venable, iliongeza ushindi 19. Kijana Colson Montgomery, aliyeanza mwezi wa Julai, alipeleka mpira nje ya uwanja mara 21 katika mechi 71.

Papa uwanjani

Ubingwa wa mwisho wa White Sox ni wa 2005, kisha kungoja miaka 88. Katika mechi ya kwanza ya fainali hiyo, kamera za televisheni zilimwonyesha padri Robert Prevost jukwaani. Ndiye Papa wa leo. Mwezi wa Juni 2025 alivaa kofia ya timu hiyo huko Vatikano.

Kufikia mwisho wa msimu wa 2025, White Sox ilikuwa imepoteza mechi zaidi ya 100 kwa miaka mitatu mfululizo. Kwa msimu uliofuata, kazi ya kwanza ilikuwa kuvunja mfululizo huo.