Stelingi ni Yule Mwenye Nakala

Ukumbi wangu wa vidio uko Majengo, mjini Meru. Ndani mna mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa, spika mbili, na maikrofoni ambayo waya wake nimeuzungushia selotepu. Mpira ukiisha, tunaingia kwenye muvi. Wateja wangu wengi ni vijana wa bodaboda na wabeba mizigo wa soko la Gakoromone, pamoja na wazee wachache wanaoingia na miraa yao na kuliteka benchi la nyuma. Zamani wote walitaka kung fu iliyoelezwa na DJ Afro, yule bingwa wa kumwaga Kiswahili juu ya picha. Siku hizi swali ni moja: "Bosi, Kikorea kipo?"

Wakisema Kikorea wanataka kisasi. Mtu aonewe, avumilie, kisha arudi na hesabu zake zote. Katika muvi za aina hiyo, ninayoombwa kuirudia ni Inside Men ya mwongozaji Woo Min-ho, iliyotoka Korea Kusini Novemba 2015. Huko kwao zaidi ya watu milioni 7 waliingia sinema kuitazama. Ni ya watu wazima, watoto siruhusu. Maandishi yake ya chini ni ya Kiingereza na yanapita mbio, kwa hiyo mimi hushika maikrofoni nikaeleza.

Kisa chenyewe ni hiki. Ahn Sang-goo, anayeigizwa na Lee Byung-hun, ni jambazi anayefanyia wanasiasa kazi chafu. Anapata faili la pesa za siri alizopewa mgombea urais na kampuni ya magari. Anadhani faili hilo litampandisha cheo. Badala yake anakatwa mkono wa kulia na kutupwa nje kama takataka. Aliyemsaliti ni rafiki yake wa miaka mingi, Lee Kang-hee, mhariri wa gazeti kubwa. Mhariri huyu hapigi mtu wala hapigi kelele. Anakaa ofisini na kalamu yake, anaamua nani aonekane shujaa kesho asubuhi na nani aonekane shetani. Wa tatu ni Woo Jang-hoon, mwendesha mashtaka asiye na ukoo mkubwa wala baba wa kumshika mkono, anayetafuta kesi ya kumtoa.

Kuna mahali ambapo kila mara naambiwa, "Bosi, simamisha hapo!" Sang-goo anaita wanahabari. Anasimama mbele ya kamera, anaonyesha mkono wake wa bandia, anataja majina ya wakubwa mmoja mmoja. Ukumbini watu wanapiga benchi kwa furaha, wanadhani mambo yameisha. Kumbe mhariri ameshaanza kazi. Hajibu habari ya pesa hata kidogo. Anachapisha rekodi ya uhalifu ya Sang-goo na kumpaka tope la ubakaji. Kufikia jioni nchi nzima inazungumza juu ya jambazi mchafu, na faili limesahaulika. Shahidi ameuawa bila kuguswa.

Siku moja, hapo hapo, mzee mmoja wa benchi la nyuma alisema, "Kijana wangu, hizi vitu tuliziona hapa Kenya, na sisi hatukulipa kiingilio."

Vijana waliokuwa bado watoto mambo hayo yakitokea walitaka aeleze, na maelezo yake yaliichelewesha muvi. Aliwarudisha 2006. Mwishoni mwa Februari mwaka huo gazeti la The Standard liliandika kwamba Rais Mwai Kibaki alikutana kwa siri na Kalonzo Musyoka, wakati huo kigogo wa upinzani. Wote wawili walikana. Wanahabari watatu wakakamatwa. Kisha usiku wa kuamkia Machi 2, watu wenye silaha waliofunika nyuso walivamia ofisi za kampuni ya gazeti hilo Nairobi na mtambo wake wa uchapishaji. Walichoma magazeti yaliyokuwa tayari kusambazwa, na runinga yake ya KTN ikazimwa kwa saa kadhaa. Waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, hakukana kwamba ni kazi ya serikali. Alisema anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Baadaye wakahusishwa wageni wawili waliojiita ndugu wa Armenia, Artur Margaryan na Artur Sargasyan. Hao walifukuzwa nchini mwezi Juni baada ya kisa cha kuchomoa bastola katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Tume ya Shedrack Kiruki iliundwa, ikachunguza, na ripoti yake ikakaa miaka bila wananchi kuonyeshwa.

Kijana mmoja akauliza swali ambalo linastahili kuulizwa: kwani mkutano ule wa siri ulikuwapo au haukuwapo? Mzee akacheka. Baada ya barakoa na moto, alisema, nani alikuwa bado anauliza?

Tukirudi kwenye muvi, hapa ndipo ninapotofautiana na wateja wangu. Wao wanapenda pale mkono unapolipwa kwa mkono, na kweli Sang-goo anamkata mhariri mkono wake wa kulia. Ukumbi unalipuka. Lakini ukiitazama muvi kwa makini, kisasi hicho hakikumwangusha mgombea. Kilichomwangusha ni rekodi. Mwendesha mashtaka anajifanya amehamia upande wa wakubwa, anaingia kwenye karamu yao ya aibu, ananasa picha, kisha anazimwaga hadharani.

Wakorea wenyewe waliyaona hayo nje ya sinema. Julai 2016 afisa mmoja wa wizara ya elimu aliwaambia wanahabari wakiwa mezani kwamba watu wa kawaida ni sawa na mbwa na nguruwe, akiazima maneno ya yule mhariri wa gazeti kwenye muvi hii. Alifutwa kazi. Miezi michache baadaye uvumi wa muda mrefu kuhusu Rais Park Geun-hye na rafiki yake Choi Soon-sil ulipata miguu, kwa sababu kituo cha JTBC kilipata tableti yenye nyaraka za ikulu. Machi 2017 Mahakama ya Katiba ikamwondoa Park madarakani.

Na sisi tulikuwa na mtu wa nakala, tena kabla ya Wakorea hao. Jina lake ni David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona mezani kwake karatasi za kampuni ya Goldenberg ya Kamlesh Pattni. Kampuni hiyo ilikuwa ikilipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambazo eti iliuza nje, katika nchi ambayo haina almasi na dhahabu yake ni kidogo. Munyakei alitoa nakala, zikawafikia wabunge wa upinzani, na 1993 habari ikalipuka Bungeni. Alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi ilianguka lakini kazi hakurudishiwa. Alihamia Mombasa, akasilimu, akaanza maisha upya. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. 2006 akafariki dunia akiwa bado maskini. Tume ya Jaji Bosire kuhusu Goldenberg ilisikiza ushahidi kwa miezi mingi. Pattni alifutiwa mashtaka 2013.

Ndiyo maana siwashangai wateja wangu wanapolipia kisasi. Korea ya kwenye muvi inawapa kwa jioni moja kile ambacho tume zetu hazijawapa kwa miaka 30. Hata jirani zetu wa Embu wanalijua hilo. Mwaka 2014 gavana wao Martin Wambora alikuwa wa kwanza Kenya kung'olewa na Seneti, madai yakiwemo ununuzi wa mbegu za mahindi na ukarabati wa uwanja. Mahakama ilimrudisha, akaongoza hadi 2022. Muulize mtu sokoni ukweli wa zile mbegu, utapewa hadithi tatu.

Siku hizi kila mtu ana gazeti lake mfukoni. Uvumi unafika Majengo kwa WhatsApp kabla ya chai, na mara nyingi umetumwa na mtu anayelipwa na mwanasiasa kumchafua mwenzake. Lakini anayeandika ukweli naye anatembea na hatari. Desemba 2023 bloga mmoja wa hapa Meru alitoweka. Baada ya wiki mbili mwili wake ulipatikana mtoni upande wa Tharaka Nithi. Watu walifikishwa kortini kwa mauaji hayo, na hilo nawaachia majaji. Jioni hizo ukumbini hakuna aliyetaka muvi ya wanahabari. Niliweka ya Kihindi.

Kwa hiyo nikieleza Inside Men huwa nawaambia watazame mambo mawili. Kwanza, tuhuma ikitolewa na badala ya kujibiwa tukaletewa tabia za aliyeitoa, mjue kuna faili linafichwa. Pili, hadithi isiyo na karatasi, picha wala mtu wa kuisimamia ni ya kusikiliza, si ya kusambaza. Aliye na karatasi naye asiipige picha akaitupa kwenye grupu. Tume ya maadili, EACC, hupokea taarifa bila jina la mtoaji, na Sheria ya Hongo ya 2016 ina kifungu cha kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kifungu kimoja hakitoshi. Mswada kamili wa kuwalinda watoa siri umezungushwa miaka nenda miaka rudi.

Na msiondoke kabla ya majina kuisha. Mwisho kabisa, katika toleo refu la muvi hii, mhariri yuko gerezani, mkono wa kulia hana, anaongea na simu. Anasema watu watasahau, na kwamba mkono wa kushoto nao unaweza kuandika. Wateja wangu huwa wameshainuka wanatafuta viatu, wanafurahia kisasi. Mimi huongeza sauti na kuwaambia waketi, hajamaliza.