Tabibu wa Vita Bondeni Kilombero (Sehemu ya Pili)

Toleo lililopita tuliwaacha Wajerumani wakiihama Morogoro, Agosti 1916. Mwezi huohuo Jenerali Northey wa Waingereza aliingia Iringa, na Wajerumani waliokuwa upande huo chini ya Kraut wakarudi nyuma hadi Mahenge. Bonde la Kilombero likawa kati ya majeshi mawili: juu boma la Mahenge, chini mbuga za Ifakara ambazo masika yakikolea hazikupitika ila kwa mitumbwi. Na masika ya 1917 yalikuwa ya kutisha.

Anayezisoma habari za vita hivi kwa kuhesabu risasi hataambulia kitu. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza 1916 na watu 1,135. Ilipofika Oktoba, wazima wa kuingia kazini walibaki 116. Wengi wa waliopungua walilazwa na malaria na kuhara damu.

Kwa hiyo tabibu alipaswa kuanza na tumbo la mpagazi. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 25 za unga, naye alihitaji karibu kilo moja kwa siku. Mpeleke mwendo wa siku kumi kutoka kwenye reli na kumi za kurudi: sehemu kubwa ya mzigo ameila mwenyewe, na askari mbele amebakiziwa kilo tano tu. Wakubwa walilitatua hilo kwa kupunguza posho. Kilichobaki kilikuwa unga wa mahindi, uliopikwa nusunusu kwa kuni mbichi, ukaingia matumboni mwa watu waliozoea ndizi, wali au mtama. Matumbo yakaharibika. Kisha mvua, baridi ya usiku bila blanketi, homa ya mapafu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi mno kwa maradhi. Jenerali Pike, daktari aliyetumwa kuchunguza hali hiyo mwishoni mwa 1917, aliandika ripoti kali. Ilikuwa kali, lakini ilichelewa.

Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela: watu wanne, na wengine wanne wa kupokezana ikiwa safari ni ndefu. Kila aliyelala aliwaondoa wanane kwenye mizigo ya chakula, na chakula kikipungua wagonjwa huongezeka.

Wajerumani nao walizibiwa bahari. Wataalamu wa kituo cha Amani, Usambara, walitengeneza kwinini kwa magome ya mkwinini. Porini ilinywewa kama maji machungu yaliyobatizwa kwa utani pombe ya Lettow, jemadari wao. Magome mengine yalitumika kwa bandeji. Werevu huo husifiwa sana, ila Dk. Ludwig Deppe, daktari wa Tanga aliyetembea na jeshi hilo, alikiri katika kitabu chake cha 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoporwa na njaa. Oktoba 9, 1917 Wabelgiji waliiteka Mahenge. Tafel, kamanda wa Wajerumani wa huko, alikwisha kuelekea kusini, na mwezi uliofuata akasalimu amri kwa kukosa chakula.

Mwaka huo huko Uganda, Dk. Keane aliunda kikosi cha tiba cha Waafrika kwa vijana wa shule za misheni. Naona hapa ndipo palipo kiini cha habari yetu, kuliko kwa majenerali: kijana mwenye kusoma na kuandika akafundishwa kufunga kidonda, kupima homa, kugawa dawa. Tanganyika ilifuata njia hiyo miaka ya 1920 chini ya Dk. Shircore, madresa, yaani wafunga vidonda, wakawekwa vijijini chini ya serikali za wenyeji.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, Afrika Mashariki ilikuwa na kikosi chake cha tiba cha jeshi. Mwaka 1944 batalioni za Keya (King's African Rifles) za 26 na 36, zote za Tanganyika, zilipita bonde la Kabaw, Bama, lenye sifa mbaya ya malaria. Safari hii kila askari alikuwa na kidonge chake cha mepakrini cha kila siku, chenye kugeuza ngozi njano, na kukimeza lilikuwa jambo la amri. Mgonjwa wa bonde la Kilombero mwaka 1917 hakuwa na bahati hiyo.

Toleo lijalo tutarudi Ifakara kwenyewe, kwa Profesa Rudolf Geigy na maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950, na chuo cha wasaidizi wa tiba kilichofunguliwa 1961.